Ini la Shemasi Lado na Ripoti Niliyoiandika kwa Wivu

Vijana wa chumba cha picha, mmeniomba niwaandikie namna ya kusoma ini kwenye ultrasaundi, kwa kuwa nimestaafu na mnaogopa nitaondoka na ujuzi wangu. Nitaandika. Ila somo lenyewe ni la ukurasa mmoja. Yanayobaki ni mambo niliyoyatenda mwenyewe, na moja kati ya hayo ni baya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wengi wenu mlikulia Uganda na Kenya kama mimi, na Kiarabu changu cha Juba bado kinawachekesha wauza mboga.

Nilisomea uuguzi ukimbizini, kaskazini mwa Uganda, kisha nikajifunza ultrasaundi Kampala kwa miaka miwili. Niliporudi Juba, kliniki yetu ya Gudele ilikuwa na vyumba vinne vya mabati na daktari mmoja, Dk. Pitia, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango hata ule uliomtosha. Mashine ilikuwa imefika kabla yangu. Ilikaa miezi mitatu ndani ya sanduku kwa sababu hakuna aliyejua kuiwasha. Siku yangu ya kwanza niliifuta vumbi, nikaiunga na jenereta, ikakubali. Jeli haikuwepo. Nikachemsha wanga wa muhogo na maji hadi ukawa ute, nikaupoza, nikaupaka tumboni mwa mgonjwa. Picha ikatoka safi. Dk. Pitia alisimama nyuma yangu akasema, "Sista Poni, wewe ndiye macho yangu sasa."

Sentensi hiyo niliishi nayo miaka mingi. Ningeweza kula nayo chakula bila mboga.

Wiki ile ile nilikosea. Alikuja bibi mmoja, muuza nguo sokoni, mwenye uzito ubavuni upande wa kulia. Ini lake lilikuwa linang'aa kama chokaa. Kampala nilikuwa nimeona maini ya namna hiyo kwa walevi, basi nikaandika kwenye ripoti: ini la mlevi. Dk. Pitia aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni.

"Mashine imekuambia anakunywa?"

"Hapana, daktari."

"Basi imekuambia nini?"

"Kwamba ini lina mafuta."

"Andika hilo. Ulichokidhani kaa nacho."

Yule bibi hakuwahi kuonja pombe maishani. Alikuwa na kisukari, na hakuwa akijua.

Sasa ule ukurasa mmoja niliowaahidi. Mgonjwa akilala, tafuteni ini na figo ya kulia katika picha moja. Ini lenye afya lina rangi ya kijivu inayokaribiana na ya figo. Lenye mafuta hung'aa, na figo huonekana nyeusi kando yake. Mafuta yakizidi, kuta za mishipa midogo zinafifia na sehemu ya nyuma ya ini inabaki giza, kwa kuwa mawimbi ya sauti hayapenyi tena. Picha haiwezi kuwaambia mafuta yametoka wapi. Yanaweza kutoka kwenye pombe. Yanaweza pia kutoka kwenye tumbo lililokua, kwenye kisukari, kwenye sukari na wanga vinavyoingia mwilini bila mwili kutembea. Hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo. Wengi hawaumwi kitu. Kwa baadhi yao ini linavimba ndani kwa ndani, likapata makovu, na makovu hayo mashine yetu haiyaoni vizuri. Kwa hiyo msimwambie mtu yuko salama eti kwa sababu picha ni nzuri, wala msimwambie anakufa kwa sababu ni mbaya. Mwulizeni maswali, mpimeni sukari na homa ya ini B, kisha mrudisheni kwa daktari. Basi.

Kiden alikuja mwaka ambao vita vilianza. Alikuwa na cheti cha lishe cha miezi michache, na kabla ya hapo alikuwa akiuza chai na mama yake kwenye makazi ya wakimbizi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mbili, akaniita dada Poni tangu siku ya kwanza, na akachukua meza iliyokuwa nje ya chumba changu, chini ya paa la mabati. Nilidhani atapima watoto waliokonda, na ndivyo alivyofanya mwanzoni, kwani walikuwa wengi. Halafu Dk. Pitia akaanza kumpelekea watu wangu, wale wa maini.

Ilikuwa ajabu kidogo kulitaja neno mafuta mjini wakati ule, watu wakikonda kila upande. Lakini ndiyo miaka niliyoyaona maini hayo kwa wingi. Watu walifungiwa ndani kwa hofu, hawalimi, hawatembei, wakila mkate mweupe na wali kwa sababu ndivyo vilivyopatikana, wakinywa chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Mimi niliwaonyesha ugonjwa. Kiden akawaonyesha la kufanya. Mnaweza kukisia ni nani waliyempenda.

Walimletea bamia, maboga, siku moja jogoo mzima. Mimi waliniletea matumbo yao tu. Walipita mlangoni kwangu wakiuliza, "Sista Kiden iko?" kana kwamba mimi ni mlinzi wa lango. Na Dk. Pitia, aliyekuwa akija chumbani kwangu kila asubuhi kuniuliza nimeona nini, akawa anasimama kwenye meza ile ya nje, anacheka. Nilihesabu siku ambazo hakuingia kwangu. Najua ni utoto. Niliendelea kuhesabu.

Ndipo akaja Shemasi Lado. Alikuwa karani kwenye bandari ya mto, mtu wa kuandika mizigo inayopanda mashua kubwa za kwenda kaskazini. Vita vilipofunga mto, mashua zilibaki zimefungwa kamba, naye akabaki kwenye kiti. Alikaa mwaka mzima akisubiri mizigo isiyokuja, tumbo likimtangulia kila alikokwenda. Nilimpaka ute wa muhogo, nikatazama. Ini liling'aa, mishipa imefifia.

"Una mafuta kwenye ini, Shemasi," nilimwambia.

Akakaa wima, shati likiwa bado juu. "Mimi hapana kunywa, Sista. Tangu nabatizwa, hata tone."

"Sijasema unakunywa."

"Watu watasema."

Na walisema. Mzee mmoja wa kanisa lao kule Lemon Gaba alimtembelea nyumbani, akaiona karatasi mezani, na akakumbuka kwamba ndugu yake aliyekufa kwa pombe aliambiwa maneno hayo hayo. Baada ya wiki mbili wazee wakamwomba Shemasi Lado asishike kikombe cha ushirika hadi jambo litakapokuwa wazi. Dk. Pitia aliandika barua kueleza kwamba mafuta haya si ya pombe. Wazee walijibu kwa heshima kwamba wangependa kuona. Kama ni chakula, walisema, basi abadili chakula, na ini lionekane limebadilika. Dk. Pitia aliwaonya kwamba si kila ini hufuata ratiba ya wazee wa kanisa. Hawakusikia. Mke wa Shemasi, Mama Wani, aliacha kwenda kwenye kikundi cha wanawake kwa sababu ya macho ya wenzake.

Kiden alimchukua Shemasi huyo kama mtu anayechukua shamba. Alikwenda bandarini akakaa naye tangu asubuhi hadi saa saba mchana, akiandika kila kilichopita mdomoni. Soda nne. Chai tatu za vijiko vitano vitano. Mandazi hakuyahesabu hadi mwisho. Alirudi akaniambia, "Dada Poni, ini lile lingeweza kufungua duka la sukari." Nilicheka bila kupenda.

Hakumnyang'anya vyote kwa siku moja. Kwanza soda, wiki mbili. Kisha sukari ya chai, kijiko baada ya kijiko. Kisha sahani: asida, ule ugali wetu, ikawa ngumi moja, nafasi yake ikachukuliwa na mlenda tunaouita kudra, bamia na maharage, na samaki wa mtoni akachemshwa badala ya kuzamishwa kwenye mafuta. Akamwambia atembee gatini, kutoka mashua ya kwanza hadi ya mwisho na kurudi, mpaka shati lilowe. Shemasi alipata ari hadi akapita kiasi, akashinda siku tatu kwa maji ya limau peke yake ili amalize haraka. Kiden alimgombeza mbele ya watu wote. "Ukikonda kwa ghafla hivyo, ini linaumia zaidi! Nani alikutuma?" Vilevile aliutupilia mbali unga wa mizizi wa kusafisha ini ambao Shemasi aliuziwa sokoni. Dk. Pitia alimchanja dhidi ya homa ya ini B na kumfuatilia sukari yake, iliyokuwa imeanza kupanda. Dawa ya kuyayeyusha mafuta yenyewe hatukuwa nayo, naye alimwambia hivyo waziwazi.

Miezi sita ikapita hivyo. Kiuno cha Shemasi kilipungua hadi akatoboa mkanda matundu mawili mapya kwa msumari.

Asubuhi ya kipimo cha pili, Dk. Pitia aliingia chumbani kwangu. Nilifurahi kumwona. Alisema kuna nafasi moja ya mafunzo Kampala, mwaka mzima, kwa mtumishi wa kliniki yetu. Miaka mitatu nilikuwa nimemwambia nataka kwenda kusomea picha za moyo. "Nimempa Kiden," alisema. "Kazi yake na haya maini inahitaji elimu. Nilitaka uisikie kwangu."

Nilisema, "Ni vizuri." Naamini hata nilitabasamu.

Shemasi Lado alilala kitandani. Nje nilisikia Kiden na Mama Wani wakicheka na kugonganisha viganja. Nikaweka kifaa ubavuni. Ini lilikuwa kijivu. Lilikuwa limekaa na figo kama ndugu wawili, mishipa yote inaonekana, nyuma kuna mwanga hadi mwisho. Katika kazi yangu yote sikuwa nimewahi kuona ini likirudi namna ile. Lilikuwa zuri. Nakumbuka kabisa kwamba niliwaza neno hilo.

Kisha nikavuta karatasi nikaandika: Hakuna mabadiliko.

Sikupanga. Lakini sikuteleza pia, kwa sababu niliisoma mara mbili kabla ya kutia sahihi. Picha sikuichapisha. Niliwaambia karatasi ya kuchapia imekwisha.

Shemasi aliisoma akiwa bado anafuta ute tumboni. "Hakuna?" aliuliza. "Kabisa?"

Kiden aliingia mbio. "Dada Poni, angalia tena. Amepungua kilo tisa. Kiuno kimeshuka. Haiwezekani."

"Uzito ni uzito na ini ni ini," nilimjibu.

"Malesh, pole, binti yangu," Shemasi alimwambia Kiden, kama vile yeye ndiye aliyeumia. "Mashine hapana danganya."

Kweli haikudanganya. Dk. Pitia aliisoma ripoti, akatikisa kichwa, na hakuniuliza hata swali moja. Mimi ndiye macho yake. Karatasi ikaenda kwa wazee, wazee wakaacha mambo kama yalivyokuwa. Wiki iliyofuata Mama Wani alikuja kumwambia Kiden kwamba mumewe amerudi kwenye kiti chake bandarini, na soda iko chini ya kiti. Kiden hakulia. Alipanga karatasi zake mezani, akazipangua, akazipanga tena. Nilimwona kupitia dirisha na nikangoja furaha ije. Ilikuja, ndogo na chungu, ikakaa siku mbili.

Halafu risasi zikarudi mjini. Gudele ilisikia zote. Siku ya nne, palipotulia kidogo, Kiden alimbeba mama yake kwenye lori la kuelekea Uganda. Alinipungia mkono kutoka juu ya magunia. Nilitaka kukimbia nimwambie. Lori likaondoka nikiwa bado natafuta sentensi ya kuanzia.

Sisi tuliobaki tulipokea waliojeruhiwa. Mashine iliyokuwa ya maini na mimba ikawa ya kutafuta damu. Anayevuja ndani hawezi kusubiri, na asiyevuja hapaswi kupasuliwa katika chumba kama kile chetu. Alikuja mwanamke aliyegongwa na kipande cha ukuta, tumbo limekakamaa. Dk. Pitia alikuwa amekwisha kuvaa glavu. Hakuitazama skrini. Alinitazama mimi.

"Sista Poni, kuna damu?"

"Hakuna, daktari."

Akavua glavu palepale. Yule mwanamke alipona bila kisu, na nilikuwa nimesema kweli. Lakini niliketi sakafuni, kwa kuwa niliona jinsi neno langu lilivyo jepesi kutoka na zito likifika. Jioni ile, alipokuwa ananawa mikono, nilimwambia yote. Ini, karatasi, Kampala.

Alinawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Nilimwonea wivu."

"Mimi nilikuwa nakuamini bila kutazama," alisema. "Hilo ni kosa langu, nitalibeba. La kwako nenda nalo Lemon Gaba."

Barabara ilipofunguka nilikwenda. Shemasi Lado alikuwa amekaa mlangoni, tumbo limerudi karibu lote. Mama Wani aliniletea kiti na maji. Niliyaacha maji, nikasema kwamba kile kipimo cha pili kilikuwa kizuri, kwamba ini lake lilikuwa karibu limepona, na kwamba niliandika uongo nikijua.

Nilitarajia anifukuze. Midomo yake ilitembea kama ya mtu anayehesabu.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nashinda?"

"Ulikuwa umeshinda, Shemasi."

Akafunika uso kwa viganja. Mama Wani ndiye aliyenifukuza. Alichukua yale maji, akayamwaga miguuni pangu, akasema, "Macho ya wale wanawake nimeyabeba mimi, wewe unakula mshahara wako. Toka." Nilitoka. Jumapili iliyofuata nilirudi, nikasimama mbele ya wazee wa kanisa nikiwa na sare yangu, nikasema tena, neno kwa neno. Mzee aliyeiona karatasi mwanzoni alitaka kujua kama nimekunywa. Shemasi alirudishiwa kikombe kabla ini lake halijapimwa tena, na hilo lilikuwa sawa, kwa sababu kikombe kile hakikuwahi kuwa na uhusiano na ini.

Alianza upya bila Kiden, kwa kufuata daftari aliloachiwa. Safari hii ilikuwa polepole zaidi. Sukari yake ilikuwa imekwisha kuwa kisukari kamili, naye akawa anameza vidonge. Ile miezi aliyopoteza kwa sababu yangu hakuna aliyemrudishia.

Kiden alirudi baada ya mwaka na zaidi. Nilimngoja aweke begi chini, nikamwambia kabla hajaketi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alisikiliza akikwangua rangi ya meza yake kwa ukucha.

"Dada Poni, ile nafasi ya Kampala," alisema, "niliikataa. Wiki ile ile ya ripoti yako. Nilimwambia daktari nahitaji kufikiri, halafu nikamwambia hapana. Niliona kazi yangu haifanyi kitu, nitakwenda kusomea nini?"

Sikujua. Dk. Pitia hakuwahi kuniambia. Nafasi ilikwenda kliniki nyingine na haikurudi tena. Nilisema samahani, na neno lilisikika kama kitu kilichodondoka chumba cha pili. Kiden aliniomba karatasi. Akataka niandike ripoti ya pili ya Shemasi upya, kama nilivyoiona siku ile, na tarehe ya siku ninayoandika, na sahihi. Niliandika. Aliiweka kwenye faili lake, akaniambia wagonjwa wanasubiri.

Hatukuwa marafiki. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuna mgonjwa wake aliyelala tena kwenye kitanda changu bila yeye kusimama nyuma ya bega langu akitazama skrini. Hakuficha kwa nini. Miezi ya mwanzo ilinichoma kama pilipili machoni. Kisha, kwa kuwa alikuwa amesimama pale hata hivyo, nikaanza kumwonyesha: hii ndiyo figo, huu ukuta wa mshipa, hapa sauti imekwama. Alikuwa mwepesi wa kushika, mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi Kampala, na hilo pia nililiona na lilinikera.

Siku yangu ya mwisho kazini aliingia na dereva wa boda wa Gudele, kijana mwembamba ambaye hakuna mtu angemdhania kuwa na mafuta kwenye ini. Nilimpaka jeli, jeli ya kweli siku hizi. Kabla sijatuliza mkono, Kiden akasema nyuma yangu, "Mafuta kidogo. Lakini yamepungua tangu mwezi wa pili. Tazama ile mishipa miwili ya juu."

Nilitazama. Ilinichukua muda kuiona. Alikuwa sahihi.

Wivu ulikuja palepale, mzima, kama siku zote. Nikachukua kalamu, nikaandika alichosema.